Vidole Vilivyobaki Njiani

Treni ilikuwa imeshaondoka. Jukwaa la stesheni lilikuwa linarudi nyuma taratibu, pamoja na wachukuzi na mikokoteni yao na mwanamke mmoja aliyekuwa bado anapunga kitambaa kwenye dirisha ambalo si letu, ndipo mpwa wangu alipojipiga paja.

"Chaja! Nimeiacha mezani, karibu na birika."

"Iko kwenye begi la mbele," nikamwambia. "Nimeichukua mimi."

"Mjomba! Tangu lini wewe ukakumbuka kitu?"

"Mtu aliyehamahama hukumbuka vidogo. Vikubwa ndivyo anavyovisahau."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hana nafasi ya kucheka, na pengo dogo la meno yake ya mbele likaonekana. Kwa sababu ya pengo hilo nyumbani tulimwita Mwanya tangu anaota meno, na mama yake, ambaye ni dada yangu, alimwita vivyo hivyo kwa kugusa meno yake ya mbele kwa kidole. Dada hakuwahi kutamka jina la mtu. Alikuwa kiziwi tangu utotoni, kabla hajajua maneno.

Huko kwetu wakati ule shule ya viziwi ilikuwa mbali kama mwezi, na baba hakuwa na nia ya kuutafuta mwezi. Kwa hiyo tulitunga lugha yetu. Hakuna aliyekaa chini akasema leo tunatunga lugha. Ilitokea yenyewe, kama njia ya miguu inavyotokea kwenye majani. Maji yalikuwa kidole gumba mdomoni. Baba alikuwa ngumi kiunoni. Mimi nilikuwa vidole viwili vinavyotembea hewani, maana hata utotoni sikukaa mahali. Kusema hapana dada hakutikisa kichwa kama watu wengine. Alifumba macho. Ukimwambia jambo asilolitaka alifumba macho, na ukiendelea aliendelea kufumba, na hapo umeshindwa, kwa sababu huwezi kubishana na kiziwi aliyefumba macho.

Wazazi walikufa, ndugu wengine walikufa, mume wake alikuwa anajua kidogo naye akafa. Tukabaki wawili duniani tunaoielewa lugha ile: mimi na Mwanya. Wakalimani wa viziwi wana lugha yao nzuri ya darasani, lakini kwa dada ilikuwa kama kumsemesha mtu kwa lugha ya nchi nyingine.

Asubuhi hiyo muuguzi wa hospitali ya kwao alipiga simu. Dada alikuwa na sukari miaka mingi, akapata kidonda kidogo mguuni. Alikificha. Alikuwa mshonaji, cherehani yake ya kukanyaga, na alijua kwamba akikionyesha ataambiwa apumzike. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Alipopelekwa hospitali, nyama ya kisigino ilikuwa imeshaanza kufa.

Mimi nilikuwa nimepita kwa Mwanya siku chache tu, kama nilivyozoea, kula, kufua nguo, kuondoka. Safari hiyo tuliifunga pamoja bila kujadiliana.

Mbele yetu alikaa jamaa mmoja, fundi wa mafriji, mtu wa mwili mkubwa na suruali yenye mifuko mingi. Alikuwa ameiegemeza simu yake kwenye chupa ya maji, anatazama mpira. Treni ilipoanza kuacha mji na kuingia kwenye vilima, akaanza kunung'unika.

"Jamani, mpira uko wapi?"

"Upo kwako, fundi," nikasema. "Sisi hatuchezi na mtu."

"Hapana mzee, angalia. Nawaona watu wanakimbia tu. Wanakimbiza nini? Mtangazaji anasema kapiga, kapiga, mimi naona uji."

Aliniletea simu usoni. Kweli ilikuwa uji. Uwanja ulikuwa kijani kilichopakwa kwa brashi nene, na wachezaji walikuwa madoa yanayoteleza. Sauti ya mtangazaji lakini ilikuwa safi kabisa, kama amekaa kwenye kiti cha jirani.

"Muulize huyu," nikamwonyesha Mwanya kwa kidevu. "Hiyo ndiyo kazi yake."

"Wewe ndiye unayenificha mpira, dada?"

Mwanya alikuwa mhandisi kwenye kampuni inayorusha mechi na tamthilia kwa mtandao. Nilijua hivyo, lakini kazi yenyewe sikuwahi kuielewa. Mimi shule niliisoma kwa vipande, mwaka hapa, miezi kule, na nyingine niliisoma kwenye magazeti yaliyofungiwa vitu. Siku hiyo alieleza, na nadhani alieleza ili asifikirie mguu wa mama yake.

"Sikuficha, nimekupunguzia tu," akasema. "Kule inakotoka, mechi hiyohiyo imewekwa kwa ngazi nyingi. Ya juu ni nzito, inaonyesha hadi jasho. Ya chini ni nyepesi, inaonyesha kama hivyo unavyoona. Na kila ngazi imekatwakatwa vipande, kila kipande sekunde chache. Simu yako inaomba kipande kimoja, inakipima kimefika kwa kasi gani, inaangalia na akiba iliyonayo mbele. Ikiona mtandao umelegea, kipande kinachofuata inakiomba kwenye ngazi ya chini. Mtandao ukirudi, inapanda tena."

"Kwa hiyo ni simu yangu mwenyewe inayonidhulumu."

"Inakuokoa. Ingeng'ang'ania picha nzuri, ungekuwa unatazama kile kiduara kinachozunguka. Watu wanachukia kile kiduara kuliko kitu chochote. Tumewapima. Video ikisimama kidogo tu, mtu anaondoka. Lakini ikififia anavumilia, na wengine hata hawatambui."

"Mimi nimetambua! Mpira haupo!"

"Mpira ni kitu kidogo, fundi. Vitu vidogo ndivyo vinavyokwenda kwanza."

"Na mbona huyu mtangazaji mdomo wake haupungui?"

"Sauti ni nyepesi, ina mkondo wake. Hiyo tunailinda kwanza. Mtu akiendelea kusikia, hajui amekosa nini."

Kutoka behewa la nyuma watu wakapiga kelele, "Gooo!" Fundi akaikodolea macho simu yake. Kwake wachezaji walikuwa bado wako katikati ya uwanja.

"Sasa hao wamefunga goli gani?"

"Lako bado liko njiani," Mwanya akasema. "Wao wanakaa na akiba fupi kuliko yako. Subiri utaliona."

"Mtu mzima naambiwa nisubiri goli lililokwisha fungwa," fundi akasema, na akatikisa kichwa, na akasubiri, na lilipofungwa kwenye simu yake akashangilia kama mtu asiye na habari. Tulicheka wote watatu. Nataka niseme hivyo kwa sababu ndiyo mara ya mwisho nilipomwona Mwanya anacheka kwa meno yote.

Simu yake ikatetemeka. Ilikuwa ujumbe wa muuguzi.

Nausema kama alivyonisomea. Daktari wa upasuaji yupo leo tu. Mchana huu anaondoka kwenda hospitali nyingine na hatarudi hadi wiki ijayo. Sumu ya kidonda inapanda. Ama mguu ukatwe leo chini ya goti, ama usafishwe, ufungwe, mgonjwa arudi nyumbani, na familia ijue kwamba hatakaa sana. Mgonjwa ana akili zake timamu, daktari hataki kumkata mtu ambaye hajakubali. Nimemchorea picha mbili, mguu uliokatwa na mguu uliofungwa bandeji. Anagusa zote mbili kisha anaeleza kwa mikono, maelezo marefu, na mkalimani tuliyemwita naye haelewi. Tumemrekodi. Tafadhali mtuambie anasema nini.

Chini yake kulikuwa na kiungo cha video.

"Mpigie, tumwone moja kwa moja," nikasema.

Alijaribu. Uso wa dada ulikuja, ukaganda mdomo wazi, ukapotea. Akajaribu tena, simu ikakataa hata kuita. Nje kulikuwa na kuta za mawe pande zote mbili, reli imepita katikati ya kilima. Mwanya akaacha kupiga, akafungua video.

Ilianza vizuri. Dada ameketi kitandani, mito miwili mgongoni, kilemba cha buluu kichwani. Niliuona mkunjo wa paji la uso wake. Niliona hata uzi mweupe uliokuwa umeng'ang'ania kwenye bega la gauni lake, kwa sababu mshonaji hata hospitalini huenda na uzi. Sauti ya muuguzi ikasema, "Haya mama, waeleze wanao. Waeleze tu." Dada akaangalia picha walizomwekea magotini, akazigusa, akainua mikono.

Na hapo picha ikaanza kulainika. Haikusimama. Kiduara hakikutokea. Ilikuwa kama mtu amepumulia kioo. Mkunjo wa paji ukaenda, uzi ukaenda, macho yakawa vivuli viwili. Mikono ikabaki, lakini ilikuwa mikono kama ya mtu aliyevaa glavu za kuogea. Tuliisoma hivyohivyo. Nasi tumeisoma mikono ile maisha yetu yote. Mtu wako unamjua hata kwa kivuli.

Alionyesha mguu. Akapitisha mkono wa kulia juu ya mkono wa kushoto, kukata. Akatulia kidogo. Akapitisha tena, kukata. Akaweka viganja juu ya kichwa kama paa, nyumbani. Akajigusa kifua.

Sauti ilikuwa safi mno. Tulisikia pumzi yake, na ile sauti ndogo ya kooni aliyoitoa kila alipomaliza neno, na kijiko kikigongwa kwenye kikombe kitanda cha pili. Muuguzi akasema, "Haya, asante mama."

"Mguu," Mwanya akasema polepole. "Kata. Kata. Nyumbani. Mimi."

"Rudia."

Akairudisha nyuma kwa kidole. Ikacheza tena. Mguu, kata, kata, nyumbani, mimi. Nikasema arudie tena, akarudia, na kila mara ilikuwa vilevile, mikono ileile ya uji ikisema jambo lilelile.

"Anasema ukatwe," Mwanya akasema. "Amelisema mara mbili. Ukatwe kabisa, arudi nyumbani. Si ndivyo, mjomba?"

"Ndivyo ninavyoona na mimi."

"Nilidhani atakataa." Machozi yalimtoka akiwa anatabasamu. "Nilikuwa na hofu atakataa. Lo, mama! Mama anataka kuishi."

Fundi wa mafriji, ambaye alikuwa amezima mpira wake kwa heshima, akauliza kwa sauti ya chini kama kuna ugonjwa. Nikamwambia. Akasema, "Dada, si mngoje tufike stesheni ya mbele? Pale mtandao ni mzuri. Haraka haraka..."

"Haina baraka," Mwanya akamalizia, bila ubaya. "Na sumu nayo ina haraka yake, fundi. Daktari anaondoka."

Akaandika: amekubali, akatwe. Ujumbe mfupi ni mwepesi kuliko kitu chochote. Ulipenya katikati ya mawe yale na jibu likarudi. Ahsanteni, tunampeleka sasa.

Tulifika jioni mapema, jua bado liko ukutani. Hospitali ilikuwa majengo marefu ya ghorofa moja yaliyounganishwa kwa njia zenye paa, na sakafu iliyopigwa deki mpaka inateleza. Muuguzi alitupokea mlangoni mwa wodi. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imefungwa uzi shingoni, na ukarimu wake ulikuwa wa kweli. Alisema upasuaji umekwenda vizuri, mgonjwa amelala bado dawa haijamtoka, tukae kwenye benchi.

"Mama yenu ana mikono mizuri," akasema. "Anapozungumza ni kama anashona. Natamani ningemwelewa."

Tukakaa. Ukutani kulikuwa na karatasi ya neno la siri la waifai ya wageni. Mwanya aliingia kwenye mtandao ule kwa sababu ya mazoea tu, kama mtu anavyofungua dirisha akifika chumbani, halafu akaifungua ile video upya. Sidhani alikuwa na shaka. Nadhani alitaka kumwona mama yake akiwa mzima, kabla hajamwona alivyo sasa.

Mimi nilikuwa navua kiatu kilichonibana. Nilisikia sauti ya muuguzi kutoka kwenye simu, "Haya mama, waeleze wanao," nikasikia pumzi za dada, kijiko na kikombe. Halafu nikasikia video inasimamishwa katikati.

"Mjomba."

"Mmh."

"Mjomba, njoo."

Safari hii picha ilikuwa imetimia. Mkunjo wa paji ulikuwepo mwanzo hadi mwisho, na uzi begani, na kucha. Mwanya akairudisha nyuma kidogo na kuiachia.

Dada alionyesha mguu. Akapitisha mkono wa kulia juu ya wa kushoto, vidole vimenyooka na kubanana kama makali ya kisu. Kata. Kisha akafumba macho. Aliyafumba muda mrefu, uso wote umekaza, kama alivyokuwa akimfumbia baba. Akafumbua. Akapitisha mkono tena kwa njia ileile, lakini kidole gumba na cha shahada vilikuwa vimeshikana ncha kwa ncha, vimeshika uzi usioonekana, na mwisho wa mkono wake akauvuta kidogo, hivi, kama fundi anayemaliza mshono.

Hilo lilikuwa neno lake la kufunga. Funga kifungo, funga mlango, funga kidonda, yote alisema hivyo, tangu alipojifunza kushona. Njia ya mkono ni moja na ile ya kukata. Tofauti iko kwenye ncha za vidole viwili tu.

Mguu. Kata, hapana. Funga. Nyumbani. Mimi.

"Ni video ileile?" nikauliza. Nilijua ni ujinga, lakini niliuliza.

"Ileile."

"Mbona tuliirudia? Tuliirudia, Mwanya. Ikawa vilevile."

"Simu haiombi tena kipande ambacho inacho." Alikuwa anaongea taratibu, kama anasoma. "Vilishaingia vya ngazi ya chini. Tulikuwa tunarudia vilevile tulivyonavyo. Tungerudia hadi kesho visingebadilika. Sasa nimeifungua upya, imeviomba vyote upya. Kuna mahali ningebonyeza, nikachagua ubora wa juu. Ingesimama. Kiduara kingezunguka mpaka tutoke kwenye vile vilima, halafu ingekuja nzima." Akaniangalia. "Nilijua. Ndiyo kazi yangu hiyo, kujua. Lakini haikukwama, mjomba. Haikukwama hata mara moja, nikaona imefika yote."

Nikavaa kiatu.

Muuguzi alitoka akasema mgonjwa ameamka, tuingie, tusimchoshe. Tukiwa mlangoni nikamshika Mwanya mkono.

"Nitamwambia ni mimi niliyejibu."

"Hatakuamini."

"Mimi ni kaka yake mkubwa."

"Ndiyo maana hatakuamini."

Dada alikuwa amelala chali, na blanketi lilikuwa limekaa sawa upande mmoja na upande wa pili limeanguka bapa. Alikuwa ameshalitazama. Alimwona Mwanya, akagusa meno yake ya mbele. Akaniona mimi, akatembeza vidole viwili hewani, polepole sana. Kisha akaonyesha pale palipokuwa bapa, akageuza kiganja juu.

Nani?

Nikajigusa kifua kabla Mwanya hajafanya kitu. Mimi. Mimi ndiye niliyesema.

Dada akanitazama, na pembe ya mdomo wake ikapanda. Hata katika hali ile alinicheka. Akatembeza vidole viwili hewani, vikaenda, vikaenda, vikadondoka kando ya kitanda, na akavitupa. Maana yake: wewe? Wewe ambaye hujawahi kukata shauri hata la kulala wapi? Wewe uamue mguu wa mtu?

Kisha akageuza kiganja tena, na safari hii alimwangalia mtoto wake.

Mwanya akajigusa kifua.

Halafu akajaribu kueleza. Nimeona watu wakifanya kazi ngumu, nimefanya zingine mwenyewe, nimebeba saruji kwenye jua na kuchimba makaburi kwenye mvua, lakini sijaona kazi ngumu kama ile. Lugha yetu haikuwa na neno la mtandao. Alichora simu hewani. Akafanya treni kwa mikono, nayo dada aliielewa. Akaonyesha mawe pande zote. Akachukua picha, akaikata vipande, akavipanga, vikubwa huku, vidogo huku. Akaonyesha kikubwa hakipiti. Akaonyesha kidogo kinapita, kinapita, kinapita. Akafanya vidole vya kushona, akavifuta kwa kiganja cha pili hadi vikawa ngumi. Akafumba macho kama mama yake, akajipitishia kiganja usoni, macho yakapotea. Akafanya kata. Kata. Alikuwa analia, na mara mbili ilibidi aanze upya.

Dada alimfuatilia hadi mwisho. Alikuwa msikilizaji mzuri, dada yangu. Kiziwi asiposikiliza kwa macho hana kingine. Alipohakikisha mtoto amemaliza, aliinua mkono mmoja, akauweka kiganja chini juu ya goti lililobaki, akautuliza hapo bila kuutikisa.

Hilo lilikuwa neno letu la kungoja. Tulilipata kwa mama, alipokuwa akitukalisha chakula hakijaiva. Akageuza kiganja juu, swali.

Si ungengoja?

Mwanya angejibu nini? Mashine nzima aliyoitumikia ilitengenezwa kwa ajili hiyo moja, mtu asingoje. Alisimama tu na mikono yake imening'inia.

Dada akasubiri jibu. Aliona halipo. Basi akachukua mikono yake miwili, akaivuta taratibu, akaiingiza chini ya blanketi.

Muuguzi alidhani anasikia baridi. Alimletea blanketi lingine.

Tulimpeleka nyumbani kwa Mwanya kidonda kilipokauka. Daktari alikuwa amesema kweli: mguu ule ungemuua upesi, na bila mguu aliishi mwaka na kitu. Alikula, aliketi dirishani, alitazama mtaa. Kwa mtoto wake alitoa mkono kuomba maji, kuomba chungu cha haja, kushukuru. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo hakuionyesha. Lakini mazungumzo hayakurudi. Mwanya angekaa mbele yake akamweleza siku ilivyokwenda, bosi alivyovaa, jirani alivyogombana na mwenye nyumba, mikono inakimbia kama zamani, na dada angemtazama mpaka mwisho, mikono yake chini ya kitenge.

Na mimi alizungumza. Nilipopita aliniuliza nimetoka wapi, kukoje, watu wanavaaje. Siku moja nikamwambia, msamehe huyu mtoto. Akaniambia, na alieleza kwa urefu, ameshamsamehe zamani, mtoto alitaka mama yake aishi, hilo si kosa. Nikamuuliza, sasa mbona humsemeshi? Akafikiri. Akafanya mkono wa kukata, kisha wa kufunga, mmoja baada ya mwingine, akanionyesha ncha za vidole. Akaniambia: kwake sijui kinafika kipi.

Nilimwambia Mwanya amesamehewa. Hiyo nyingine sikumwambia.

Dada alikufa asubuhi, Mwanya yuko kazini na mimi niko safarini. Jirani aliyemkuta alisema alikuwa ameketi palepale dirishani. Tulimzika karibu na mumewe. Cherehani ilichukuliwa na fundi wa mtaani, akaifunga mota.

Muuguzi yule alihamishiwa wodi ya wazazi. Nilimpigia baada ya mazishi, akasema anaikumbuka mikono ya mama. Hakuna aliyemwambia mambo ya ile video, na sioni faida ya kumwambia. Daktari naye bado anazunguka hospitali mbalimbali. Fundi wa mafriji alishuka stesheni moja kabla yetu, akatutakia heri, na sikumwona tena.

Mwanya alipeleka ombi kazini kwake kwamba video za watu wanaoongea kwa mikono zisishushwe picha, afadhali zisimame. Walilikubali kwa chaneli moja ya viziwi. Ilidumu miezi kadhaa, kisha chaneli yenyewe ikafungwa kwa kukosa watazamaji. Bado yuko kwenye kampuni ileile, amepandishwa cheo. Ana mtoto wa kike sasa, anasikia vizuri. Hajamfundisha lugha ya mikono.

Mimi nililinda ghala la mbao kwa muda, nikaacha. Nikauza viatu vya mitumba, nikaacha. Kwa sasa nimepanga chumba nyuma ya karakana ya magari, na mwenyewe ameniambia ataka kukitumia kuwekea matairi, kwa hiyo mwishoni mwa mwezi nitahama.